Tumbo Kusimama, Mdudu Kutotulia: Jinsi Kijapani Kinavyoitaja Hasira

Watu wawili wanaweza kuitazama Japani kwenye simu moja wakabaki na picha mbili zisizopatana. Mmoja ameona video za mashabiki wa Japani wakiokota takataka uwanjani baada ya mechi za Kombe la Dunia kule Qatar mwaka 2022, naye anasema: hawa watu hawajui kukasirika. Mwingine ametoka kutazama anime, yaani katuni za video za Kijapani, ambamo wahusika wanapiga kelele mpaka mishipa ya paji la uso inatokeza, naye anasema: hawa watu kazi yao ni kukasirika tu. Katikati yao wamezuka waelezaji wanaotuhakikishia kwamba Kijapani hakina matusi, kwamba herufi ya hasira maana yake ni "moyo uliotiwa utumwani", na kwamba Mjapani akitabasamu ujue kachukia.

Madai hayo yanasambaa kwa sababu yanafurahisha kuyasikia, lakini yanaificha lugha yenyewe, ambayo kwenye jambo hili la hasira ina utajiri mkubwa. Kijapani hakikosi maneno ya ukali. Kinayapanga tu kwa namna yake: kinauliza hasira imekaa wapi mwilini, imepanda kiasi gani, imemlenga nani, na aliyenayo ana cheo gani mbele ya anayeipokea. Ukishazijua njia hizo nne, hata anime utaitazama kwa jicho jingine.

Neno la mwanzo

Neno la kawaida kabisa ni *okoru*, kukasirika. Mtoto hulijua kabla ya kujua kusoma. Linaye ndugu wa maandishi, *ikaru*, ambalo leo hukutwa zaidi vitabuni na katika nomino *ikari*, ghadhabu. Ni kama sisi tunavyosema mama amekasirika lakini mfalme wa hadithi ameghadhibika. Yote mawili huandikwa kwa herufi ileile, na hapo ndipo hadithi ya mtumwa ilipozaliwa. Herufi hiyo ina alama ya moyo chini, na juu yake alama ambayo ikisimama peke yake humaanisha mtwana. Basi mtu akaunganisha viwili akapata wosia: ukikasirika, moyo wako umekuwa mtumwa.

Wosia mzuri, ila herufi haikujengwa hivyo. Nyingi kati ya herufi ambazo Wajapani waliziazima kutoka China zina sehemu mbili, moja ya maana na moja ya sauti. Moyo unamwambia msomaji kwamba neno hili ni la hisia. Kile cha juu kinamwonyesha litamkwe vipi, basi. Sehemu hiyohiyo ya sauti imo katika herufi ya kwanza ya neno *doryoku*, juhudi, ambako chini yake pamewekwa alama ya nguvu badala ya moyo. Hilo haliifanyi juhudi kuwa nguvu za mtumwa.

Kuna neno jingine linalochanganywa na *okoru*, nalo ni *shikaru*, kukaripia au kukanya. Wazazi na mameneja wa Kijapani hufundishwa kila mara kwamba haya mawili si sawa: mwenye *okoru* anatua mzigo wa moyo wake mwenyewe, mwenye *shikaru* anamtazama aliyekosea na kutaka ajirekebishe. Ni tofauti inayofaa kuijua, ila katika mazungumzo ya kila siku mpaka wake hauonekani wazi. Mtoto akirudi shuleni amegombezwa na mwalimu, atasema *okorareta*, umbo la kutendwa la *okoru*. Kiswahili kinaweza kulifuata moja kwa moja: nimekasirikiwa. Kwake yeye, mwalimu awe alikuwa anajenga au anabomoa, sauti ilikuwa ileile.

Tumbo, kifua, kichwa

Mjapani anapotaka kusema jambo limemuudhi kwelikweli, mara nyingi haanzii moyoni. Anaanzia tumboni. *Hara ga tatsu*, neno kwa neno, ni tumbo kusimama. Ni msemo wa watu wazima, unaoweza kutumika ofisini, kwenye barua ya malalamiko au mezani nyumbani. Mwenye hasira kali zaidi atasema utumbo wake unachemka na kupinduka, *harawata ga niekurikaeru*.

Kwa nini tumbo? Katika Kijapani, *hara* ndiyo nyumba ya yale mtu anayoyafikiri kwa dhati na hayasemi. Mtu mnafiki ana tumbo jeusi. Wawili wanaoamua kuelezana ukweli wanapasuana matumbo, na maana yake ni kuzungumza bila kuficha, wala damu haimwagiki. Watu wanaposikia *hara* hukimbilia kwenye *harakiri*, kujiua kwa samurai, wakadhani kila msemo wa tumbo una harufu ya upanga. Uhusiano upo, ila unakwenda upande wa pili: tumbo lilikuwa tayari makao ya ukweli wa mtu, na kulifungua kulihesabiwa kuwa ni kuuonyesha ukweli huo.

Hasira ikitoka tumboni hupanda. Ikifika kifuani inaitwa *mukatsuku*, na neno hili lina historia inayofaa kuelezwa. Asili yake ni kichefuchefu. Hadi leo ukiingia duka la dawa Japani, maboksi ya dawa za tumbo yameandikwa kwamba yanatibu *mukatsuki*, yaani kuchafuka kwa tumbo. Vijana ndio waliolichukua na kulipeleka kwenye hasira, hasa kuanzia miaka ya 1980, na kijana akisema *mukatsuku!* siku hizi anamaanisha jambo au mtu huyo anamtia kinyaa cha hasira. Wazee wengi bado wanaliona neno la utovu wa adabu. Ofisini usilitumie.

Kituo cha mwisho ni kichwa. *Atama ni kita*, imefika kichwani, husemwa pale uvumilivu unapoondoka. Wanaisimu waliochunguza misemo ya hasira ya Kijapani wameiona njia hii: tumbo, kifua, halafu kichwa. Kwa Mswahili anayesema mtu kapandwa na hasira, au kapandisha mori, hakuna la kushangaza katika kupanda huko. Kigeni ni vile vituo vyenye majina.

Mdudu aliye tumboni

Nataka tukae hapa kidogo, maana hapa pana jambo ambalo tafsiri za filamu hulitupa kila siku. Mjapani akiamka vibaya, akawa anajibu kwa mkato na kila kitu kinamkera bila sababu, watu husema *mushi no idokoro ga warui*: mdudu wake amekaa mahali pabaya. Akiwa ameudhiwa na hajapata kulipiza au kuombwa radhi, mdudu wa tumboni hajatulia. Akimchukia mtu tangu siku ya kwanza bila kuweza kueleza kwa nini, ni mdudu ndiye asiyempenda.

Huyu mdudu hakubuniwa na washairi. Kwa karne nyingi tiba ya Kijapani, iliyojengwa juu ya elimu kutoka China, iliamini kwamba ndani ya mwili wanaishi wadudu wanaosababisha maradhi na tabia. Makumbusho ya Taifa ya Kyushu yana hati ya tiba ya mwaka 1568 yenye michoro ya rangi ya wadudu 63 wa aina hiyo, kila mmoja na kiungo anachokaa na dawa inayomshinda. Wengine wana pembe, wengine mabawa, wengine wanafanana na ng'ombe aliyepotea njia akaingia ini. Mtu anayeitazama leo hucheka, lakini kwa mganga wa wakati ule hiyo ilikuwa ramani ya kazi.

Pia kulikuwa na imani ya *Kōshin*, yenye mizizi katika Dini ya Tao ya China. Ndani ya kila mtu, iliaminiwa, wanaishi wadudu watatu, na katika usiku mmoja wa kila mzunguko wa siku 60 humtoka aliyelala wakapanda mbinguni kumshtaki kwa makosa yake. Dawa ilikuwa moja: kutolala. Vijiji vizima vilikesha pamoja, watu wakila, wakinywa na kupiga soga mpaka alfajiri, ili wadudu wasipate nafasi. Mawe ya kumbukumbu ya mikesha hiyo bado yamesimama kando ya barabara nyingi za mashambani.

Na mtoto mchanga anayelia usiku, anayeuma, anayejirusha bila kutulia? Ana *kan no mushi*, mdudu wa ukali. Bibi alimpeleka hekaluni au kwenye madhabahu ya Kishinto, dini ya jadi ya Japani, ili mdudu afungwe kwa dua, na zipo sehemu ambako ibada hiyo inafanywa mpaka leo. Msomaji wa pwani au wa bara aliyelelewa na bibi wa kusema "mtoto huyu ana mchango" hatahitaji maelezo marefu. Kwetu pia kilio kisicho na sababu kilitafutiwa mdudu wa tumboni, na dawa yake ikatafutwa kwa mizizi na dua.

Kutoka kwenye *kan* hiyohiyo lilipatikana neno *kanshaku*, hasira za ghafla za kulipuka, ambazo leo husemwa zaidi kwa watoto wanaojitupa chini dukani. Mtu mzima mwenye tabia hiyo huitwa mwenye *kanshaku*. Kuna hata fataki ndogo za watoto zinazolipuka zikirushwa chini, nazo zinaitwa vidonge vya *kanshaku*.

Sauti za hasira isiyo na sauti

Sehemu ngumu zaidi kwa mgeni ni hii. Kiswahili kina tanakali za sauti: kaanguka pu, kanyamaza ji, mvua inanyesha chururu. Nyingi ya tanakali zetu huiga kitu kinachosikika au kinachoonekana. Kijapani kinazo hizo, kisha kina kundi kubwa linaloiga kile kinachosikika ndani ya mtu peke yake. Hasira ina tanakali zake nyingi, na kila moja ina kiwango, umri na adabu yake.

Linalotumika kuliko yote ni *iraira*. *Ira* ni neno la kale la mwiba wa mmea, na mmea mmoja wenye vinyweleo vinavyowasha ngozi unaitwa *irakusa*, jani la miiba. Basi *iraira* ni kuchomwachomwa kwa ndani. Foleni haisogei, simu inajizima, mtu wa jirani anatafuna kwa kelele, umechelewa kula. Si lazima awepo wa kulaumiwa. Ndiyo maana kulitafsiri kuwa "nimekasirika" ni kulikosea: aliye na *iraira* amekereka, hajatangaza vita na mtu. Anayemwambia daktari ana *iraira* anaeleza hali ya mishipa yake ya fahamu, na daktari ataandika hivyohivyo.

*Mukamuka* ni kile kichefuchefu cha hasira, kikijirudia kifuani. *Katto* ni mwako wa ghafla: damu imepanda usoni, neno limetoka kabla ya kufikiriwa. *Mutto* ni kinyume chake, hasira iliyofunga mdomo, ambapo uso umebadilika lakini hakuna lililosemwa. *Kankan* ni ghadhabu inayowaka kama jua la mchana, na mara nyingi husemwa juu ya mtu mwingine: bosi yuko *kankan*, usiingie ofisini kwake sasa. *Punpun* ni hasira ya kununa yenye utamu wa kitoto. Ukiitumia kumweleza mtu aliyedhulumiwa mali yake utakuwa umemdhihaki. *Karikari*, ambayo pia ni sauti ya kutafuna kitu kikavu, humweleza mtu ambaye mishipa yake imekauka, kila akiguswa anakwaruza.

Kisha kuna *piripiri*. Wajapani hulitumia kwa ulimi unaowashwa na chakula kikali, na vilevile kwa chumba ambamo watu wote wamekaa kwa wasiwasi, neno moja tu litawasha moto. Hapa wengi wetu huruka kwa furaha kusema wamelitoa kwenye pilipili yetu. Hapana. Pilipili imetujia kupitia njia za biashara za Bahari ya Hindi, ni ndugu wa *filfil* ya Kiarabu. *Piripiri* ya Wajapani ni tanakali yao wenyewe, pamoja na *biribiri* ya umeme unaokutetemesha. Maneno mawili yamekutana mdomoni kwa bahati, na bahati hiyo imetua kwenye maana ileile ya ukali.

Na *moyamoya*, ambalo halina uhusiano na moyo, ni ukungu. Mtu amekuambia jambo, umetabasamu, mmeachana vizuri, lakini kuna kitu hakijakaa sawa na hujui ukiite nini. Huo ukungu ndio *moyamoya*. Madaktari wa Kijapani walilitumia neno hilohilo kuupa jina ugonjwa wa mishipa ya ubongo ambao kwenye picha za hospitali huonekana kama moshi unaotanda, na duniani kote unaitwa hivyo. Kwangu, hili ndilo neno la Kijapani ambalo Kiswahili kingefaidika kuwa na mwenzake. Kinyongo kiko karibu, ila kinyongo kinajua kinamchukia nani.

Pale kamba inapokatika

Uji ukiwa jikoni huanza kwa vipovu vya pembeni, ukapanda taratibu, halafu kwa dakika moja uliyogeuka pembeni unamwagika juu ya moto. Maneno yote tuliyopitia ni ya uji ulio ndani ya sufuria. Kumwagika kwenyewe kuna neno lake: *kireru*, kukatika.

Picha ya zamani ni ya mfuko wa stahamala. Kila mtu ana mfuko anaojazia maudhi, mdomo wake umefungwa kwa kamba, na siku moja kamba hukatika. Msemo huo ni wa karne na karne. Lakini *kireru* fupi, bila mfuko wala stahamala, ni la juzi tu, na liliingia magazetini kwa uchungu. Januari 1998, katika mji wa Kuroiso, mkoa wa Tochigi, mvulana wa miaka 13 alimchoma kisu mwalimu wake shuleni na kumuua. Taifa zima likawa linauliza kuhusu watoto waliokuwa watulivu jana na leo "wamekatika". Miaka iliyofuata neno likahama kutoka kwa vijana kwenda kwa watu wazima, kisha wazee wanaofoka vituo vya treni na hospitalini wakaitwa wazee wanaokatika. Hali kadhalika kwa madereva: baada ya vifo vilivyosababishwa na watu wanaowaandama wenzao barabarani kwa hasira, sheria ya barabara ilirekebishwa mwaka 2020 ili uendeshaji wa namna hiyo uwe kosa linalosimama peke yake.

*Kireru* limezaa mtoto anayependwa sana, *gyakugire*, kukatika kinyumenyume. Umemkopesha mtu, unamdai kwa upole, naye ndiye anayekufokea kwamba unamdhalilisha. Aliyekosa ndiye aliyekasirika. Kila mtu anamjua mtu wa namna hii, na Wajapani wamempa jina. Jirani yake ni *yatsuatari*, kugonga pande nane: mtu kagombana na mkubwa wake kazini, akirudi nyumbani anapiga mlango, anamgombeza mtoto na kumfukuza paka.

Wazee wana onyo lao kwa wote hawa: *tanki wa sonki*, mwenye moyo mfupi hupata hasara. Lina vina viwili vinavyoitikiana, kama "hasira hasara" yetu. Lugha hizi mbili hazikuazimana. Zimefika kwenye wazo lilelile, na kila moja kwa sikio lake ikaona lisemwe kwa vina.

Hali ya moyo iliyoinama

Bado hatujagusa nuksi ya kawaida, ile ya mtu ambaye hajakasirikia lolote ila siku nzima hafikiki. Neno la msingi ni *kigen*, hali ya moyo. Asili yake ni ya watawa wa Kibudha, walioonywa wasitende mambo yatakayowaletea lawama na chuki za watu. Polepole likageuka kuwa hali ya moyo ya mtu ambayo wengine wanapaswa kuiangalia. Na kwa kweli ndivyo linavyotumika: kuichukua *kigen* ya mtu ni kumbembeleza. Aliyenuna huambiwa kwa heshima ya mzaha kwamba *kigen* yake imelala mshazari. Kwa ukavu zaidi ni *fukigen*, mwenye moyo mbaya leo.

Hapo zamani nuksi ya baba au ya mkubwa wa kazi ilivumiliwa kama hali ya hewa. Kuna msemo wa zamani unaotaja vitu vinne vya kuogopwa: tetemeko, radi, moto na baba. Baba mkali aliitwa baba wa radi, na kukaripia kwa sauti kubwa bado kunaitwa kuangusha radi. Mambo yamebadilika. Sheria ya kuzuia unyanyasaji wa wakubwa kazini, unaoitwa kwa kifupi *pawahara*, ilipitishwa mwaka 2019, ikaanza kuyabana makampuni makubwa Juni 2020 na yale madogo Aprili 2022. Mkuu wa idara aliyezoea kuangusha radi mbele ya wote sasa anaweza kuitwa kujieleza. Na watu wakaendelea mbele zaidi wakatunga *fukihara*: kuwatesa wengine kwa kununa tu, kwa kuvuta pumzi nzito na kufunga droo kwa kishindo. Hilo bado halimo katika sheria, lakini kwamba limepata jina inaonyesha watu wamechoka kuibeba nuksi ya mtu mwingine.

Wateja nao wamefikiwa. Baraza la Jiji Kuu la Tokyo lilipitisha Oktoba 2024 sheria ndogo dhidi ya *kasuhara*, wateja wanaowatukana na kuwadhalilisha wahudumu, ya kwanza ya aina yake nchini, ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2025. Haina adhabu. Inasema wazi tu kwamba mteja hana haki ya kumfanya muuzaji mahali pa kumwagia sumu yake. Katika nchi ambayo mteja aliitwa mungu, hilo si jambo dogo.

Matusi yanapokaa

Sasa turudi kwa wale wanaosema Kijapani hakina matusi. Kinayo: *baka* na *aho*, yote mpumbavu, *kuso*, mavi. Ni kweli si mengi yanayomgusa mama wa mtu au sehemu za siri kama yalivyo yetu. Hata uzito wake hubadilika kwa eneo. Mtu wa Osaka akikuita *aho* anaweza kuwa anakupenda, akikuita *baka* amekukata. Tokyo mambo hugeuka.

Lakini tusi kubwa la Kijapani limo kwenye sarufi. Lugha hii ina njia nyingi za kumwita mtu "wewe", na kuchagua iliyo chini ya cheo chake kunatosha kuanzisha ugomvi. *Kisama*, ambalo mashabiki wa anime hulipiga kelele kwa furaha, liliundwa kwa neno la utukufu na neno la heshima, na zamani liliandikwa kwenye barua kwa watu wa hadhi. *Omae* lilimaanisha mbele ya mheshimiwa. *Temee* lilikuwa neno la unyenyekevu la kujitaja mwenyewe. Yote matatu yameporomoka. Leo *omae* linavumilika kati ya marafiki wa kiume au kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na *kisama* na *temee* ni mwanzo wa ngumi. Kisha kuna kiambishi *-yagaru*, ambacho kikibandikwa kwenye kitenzi chochote hukitia dharau: si "amekuja", ni "kajileta". Nawasihi wanaojifunza lugha hii kutoka kwenye katuni: maneno hayo muyajue mkiyasikia, msiyatoe mdomoni mbele ya mtu mzima.

Hasira inaweza pia kupanda ngazi badala ya kushuka. Mke aliyezoea kuongea kikawaida na mumewe, akianza ghafla kutumia miishio ya adabu anayotumia kwa mtumishi wa benki, mume huelewa mara moja kwamba amefungiwa nje. Hapa ndipo dai la tabasamu lilipopata mzizi. Tabasamu la Mjapani kwa kawaida ni tabasamu. Kinachopaswa kuangaliwa ni umbali: adabu ikizidi ile mliyoizoea, kuna jambo. Sauti ya ulimi pia iheshimiwe. Wajapani huugonga ulimi mara moja, *chi*, nao huihesabu hivyo kuwa ni ufedhuli kama sisi tunavyouhesabu msonyo.

Na kwenye karatasi, ile alama nyekundu ya mistari minne iliyojipinda ambayo watu wetu hutumiana bila kujua ni kitu gani ni mishipa ya paji la uso. Wachora manga, hadithi za katuni za vitabuni za Kijapani, waliifupisha mpaka ikabaki mistari, na tangu mwaka 2010 imo katika orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta. Neno emoji lenyewe ni la Kijapani, picha na herufi.

Yamebaki maneno mawili ya hasira ambayo hayasikiki kama hasira kabisa, na ndiyo mgeni atakayokutana nayo kabla ya mengine yote. La kwanza ni *komarimasu*, napata shida. Karani akikuambia kwa sauti ya chini "hilo linatutia shida kidogo", amekukatalia na amekereka. Usisubiri apandishe sauti. La pili ni *ikan*, masikitiko, neno la serikali. Korea Kaskazini ikirusha kombora, msemaji wa Tokyo huweza kusema tukio hilo ni la *ikan* mno, na vyombo vyetu vya habari vikaandika kwamba Japani imesikitika. Neno hilohilo hutumiwa na waziri anayezungumzia kashfa ya wizara yake mwenyewe, na hapo wananchi wa Japani hulalamika kwamba hajaomba radhi. Kwa hiyo tazama kwanza limeelekezwa wapi. Likienda nje ya nchi, pale msomaji wa Kiswahili aliposoma "imesikitika", aliyelisema alikuwa amekasirika.